Dikteta, mpigania uhuru, mrengo wa kulia: njia tatu za kuandika siasa za mtu kwenye Wikipedia

Ugomvi juu ya wasifu wa mwanasiasa kwenye Wikipedia huanzia karibu kila mara mahali pamoja: sentensi ya kwanza. Mmoja anaandika "dikteta", wa pili anafuta, wa tatu anaweka "mzalendo", na kufikia jioni historia ya ukurasa imejaa mabadiliko ilhali makala haijaongezeka hata aya moja. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mhariri anatumia njia yake ya kuandika, na hajatambua kwamba mwenzake anatumia nyingine.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza, ensaiklopidia inalitamka neno kwa sauti yake yenyewe. Ya pili, inamtaja aliyelitamka. Ya tatu, inaliacha neno na kueleza mtu alifanya nini, lini, wapi. Ziangalie zote kwa mtu mmoja, John Magufuli, rais wa Tanzania kuanzia Novemba 2015 hadi alipofariki Machi 2021.

(a) "Magufuli alikuwa rais wa kimabavu."

(b) "Wapinzani wake walimwita dikteta, wafuasi wake walimwita Tingatinga, jina alilolipata akiwa waziri wa ujenzi."

(c) "Mwaka 2016 serikali yake ilizuia mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, na Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Habari. Mwaka 2018 zilitoka kanuni zilizowataka wenye blogu kulipia leseni. Zuio la mikutano liliondolewa Januari 2023 na mrithi wake, Samia Suluhu Hassan."

Sentensi (a) ni fupi, na kila atakayeifuta ataanza kwa kuuliza: nani kasema? Sentensi (b) inaonekana ya haki kwa kuwa pande zote zimepata kauli, ila msomaji akimaliza anajua tu kwamba watu walirushiana majina. Sentensi (c) ni ndefu na haina mvuto, lakini anayetaka kuifuta itabidi apinge tarehe, na tarehe hazipingiki. Kwa mtu aliye hai au aliyefariki karibuni, anza na (c). Kwa lebo ambayo yenyewe imekuwa sehemu ya historia, tumia (b). Njia ya (a) iweke akiba kwa pale ambapo wanahistoria hawabishani tena, na pale usiione haya kuitumia.

Pale ambapo kukwepa neno ndiko kupendelea

Mhariri mgeni akishasikia habari ya kutoegemea upande huanza kuogopa kila neno zito. Akifika kwa Idi Amin anaandika "kiongozi aliyezua mjadala". Hapo kapotea. Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya Januari 25, 1971, akatangaza kuwafukuza Waasia Agosti 1972 kwa kuwapa siku 90, akafanywa rais wa maisha mwaka 1976, na aliangushwa Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala. Vitabu vya historia vya pande zote vinamwita dikteta, na havisemi "kwa mujibu wa wakosoaji". Ukiongeza "wakosoaji wanadai", umebuni ubishi ambao haupo kwenye vyanzo. Kutoegemea upande maana yake ni kufuata uzito wa vyanzo. Atakayeweka mizani sawasawa huku upande mmoja una magunia na mwingine una kiganja cha unga, huyo kaegemea.

Basi kipimo cha njia ya (a) ni hiki: vyanzo bora, hasa vitabu na majarida ya kitaaluma, vinalitumia neno kwa sauti yao wenyewe, bila alama za kunukuu na bila "anayetuhumiwa"? Kama jibu ni ndiyo karibu kila mahali, andika. Kama nusu vinatumia na nusu vinakwepa, shuka kwenye (b) au (c).

Mwongozo wa uandishi wa Wikipedia ya Kiingereza unayo orodha ya maneno ya kuchunga, na jambo linalowashtua wengi wa kwetu ni kwamba "mpigania uhuru" limo humo pamoja na "gaidi" na "mbaguzi wa rangi". Sababu ni ileile: neno linatoa hukumu kabla ya kutoa habari. Yanaruhusiwa pale tu vyanzo vya kuaminika vinapoyatumia kwa wingi, na hata hapo wasemaji watajwe ndani ya sentensi.

Kumtaja msemaji: jina, cheo, mwaka

Njia ya (b) ina nguvu sana, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Inaharibiwa na "inasemekana", "wengi wanaamini", "baadhi ya wachambuzi". Hao ni akina nani? Ukishindwa kuwataja, huna chanzo, una uvumi. Kauli kamili ina vitu vitatu: nani, akiwa na wadhifa gani, mwaka gani.

Mfano mzuri ni Nelson Mandela na neno "mkomunisti". Alipokuwa hai alikana kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Alipofariki Desemba 2013, Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini kilitoa taarifa kwamba wakati anakamatwa mwaka 1962 alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu yake. Ukiandika "Mandela alikuwa mkomunisti" umemnyamazisha yeye. Ukiandika "Mandela hakuwa mkomunisti" umekinyamazisha chama. Andika kauli zote mbili na miaka yake, mwachie msomaji. Vivyo hivyo "gaidi": yeye na wenzake wa ANC waliendelea kubanwa na orodha za Marekani za magaidi hadi mwaka 2008, wakati tayari ameshakuwa rais na kustaafu. Hapo lebo yenyewe ndiyo habari, na mwaka ndio unaoipa maana.

Tahadhari moja: cheo cha msemaji hakigeuzi kauli kuwa ukweli. Mwaka 1960 Gavana wa Kenya, Patrick Renison, alimwelezea Jomo Kenyatta kuwa kiongozi wa kuelekea gizani na mautini. Hiyo ilikuwa kauli rasmi ya serikali. Miaka mitatu baadaye Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Kauli ya gavana inafaa kwenye makala, tena inafaa sana, ila ikiwa imefungwa kwa jina la Renison na mwaka 1960 kama mbuzi kwenye kigingi.

Kosa la pili la njia hii ni kumlisha msemaji maneno. Oktoba 2019 Amnesty International na Human Rights Watch zilitoa ripoti juu ya Tanzania, zikizungumzia kubanwa kwa waandishi wa habari, asasi za kiraia na wapinzani. Mhariri mwenye haraka huandika "Amnesty ilimwita Magufuli dikteta" na kuweka kiungo cha ripoti. Fungua ripoti, tafuta neno. Usipoliona kwa macho yako, usiliandike. Tanbihi inayopeleka msomaji mahali ambapo neno halipo ni mbaya kuliko kukosa tanbihi, kwa sababu inadanganya kwa sura ya ushahidi.

Kueleza matendo, na mtego wake

Chukua Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Hati za kikoloni zinasema "gaidi", Kenya ya leo inasema "shujaa". Sasa tazama kesi yenyewe: alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Hati ya mashtaka haikuhitaji neno "gaidi" ili kumnyonga, na makala haihitaji neno "shujaa" ili kumheshimu. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, sanamu ya Kimathi ikasimamishwa katikati ya Nairobi mwaka 2007, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 waliotendewa ukatili wakati ule. Msomaji akiyapata hayo kwa mfuatano, ameshaona neno lilivyogeuka na nani aliligeuza.

Mtego uko kwenye kuchagua. Matendo nayo yanaweza kupangwa kama mashtaka. Ukikusanya maamuzi saba mabaya ya miaka 6 ukayapanga kwenye aya ya kwanza, hukuandika "dikteta" lakini umemfanya msomaji alitamke mwenyewe. Wahariri wazoefu wanaliona hilo haraka. Dawa yake ni kulinganisha nafasi: kama vitabu viwili vitatu vizuri vinatumia sehemu ndogo tu ya maelezo yao kwa jambo fulani, nawe usilipe nusu ya makala. Usiunganishe pia mambo mawili ili kutoa la tatu ambalo hakuna chanzo kilicholisema. "Alizuia mikutano. Nchi zinazozuia mikutano huitwa za kiimla." Sentensi mbili, kila moja ina chanzo, na hitimisho ni lako peke yako. Huo ni utafiti binafsi, na Wikipedia haiupokei.

Mrengo upi? Swali ambalo mara nyingi halina jibu kwetu

Lebo za kushoto na kulia zinafanya kazi vizuri zilikozaliwa. Nchini Ufaransa, wizara ya mambo ya ndani huvipanga vyama kwa mirengo wakati wa uchaguzi. Rassemblement National, chama cha Marine Le Pen, kilipinga kuwekwa kwenye mrengo mkali wa kulia, na Machi 2024 Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, ikaliacha pangilio hilo kama lilivyo. Mhariri ana kitu cha kushika: chombo, tarehe, kesi, na upande uliopinga. Hata hivyo pangilio ni la chama. Kulihamishia kwa kila mbunge wa chama hicho, mmoja mmoja, kunahitaji chanzo kinachomtaja mbunge huyo.

Sasa jaribu Tanzania. Katiba ya CCM bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Serikali za chama hichohicho zilibinafsisha mashirika ya umma kuanzia miaka ya 1990. CHADEMA iliasisiwa chini ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, na ni mwanachama wa IDU, muungano wa kimataifa wa vyama vya kihafidhina; lakini nenda kamuulize mwanachama wake wa Mbeya au Arusha kama yeye ni mhafidhina. ACT-Wazalendo ilitoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kwa kulirejea Azimio la Arusha la 1967, na hapo angalau chama chenyewe kimejieleza. Kwa wanasiasa wa aina hii, "mwanasiasa wa mrengo wa kati-kulia" hutokea kwa sababu tu kisanduku cha taarifa, kile cha pembeni mwa makala ya Kiingereza, kina nafasi ya kujaza. Acha nafasi wazi. Andika chama, miaka ya uanachama na sera alizosimamia.

Uangalie pia "mwanasiasa wa upinzani". Inaonekana haina ubaya, kumbe inachacha kama maziwa. Raila Odinga alikuwa waziri mkuu wa Kenya kati ya 2008 na 2013. Makala inayomwita kiongozi wa upinzani bila miaka inamkosea mara mbili.

Mahali neno linapokaa hubadilisha uzito wake

Kwenye matini ya kawaida unaweza kuandika "kwa mujibu wa". Kwenye kisanduku cha pembeni nafasi hiyo haipo, na kwenye jamii, yaani makundi ya makala yanayoorodheshwa chini ya ukurasa, haipo kabisa. Jamii ni ndiyo au hapana: ukimweka mtu ndani ya jamii ya madikteta au magaidi, ensaiklopidia imetamka kwa sauti yake yenyewe, hata kama juu uliandika kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo lebo inayostahili njia ya (b) au (c) isiingie kwenye kisanduku wala kwenye jamii. Kosa hili hupita kimya kwa miaka kwa sababu watu hawasomi chini.

Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha mbalimbali, ndiyo iliyojificha zaidi, na kisanduku kinachovuta taarifa kutoka kule kitaonyesha kilichoandikwa hata kama wewe hukugusa makala. Uanachama wa chama ni sifa P102, nayo ni salama ukiweka tarehe ya kuanza (P580) na ya kumaliza (P582). Edward Lowassa ni mfano: CCM, kisha CHADEMA kuanzia Julai 2015, kisha CCM tena kuanzia Machi 2019. Bila tarehe, kisanduku kinaweza kuonyesha vyama viwili kana kwamba alikuwa na kadi zote mbili mfukoni. Itikadi ya kisiasa ni P1142 na mwelekeo wa kisiasa ni P1387. Hizi mbili usizijaze kwa mtu bila rejeo linalomtaja yeye kwa jina.

Kiswahili chenyewe kinapendelea usipokichunga

Miongozo ya Kiingereza haisaidii hapa, kwa sababu maneno yetu yana ladha zao. "Alidai" inaonyesha shaka. "Alikiri" inaonyesha kosa. "Alifichua" inathibitisha kwamba kilichosemwa ni kweli. "Anajiita" ni dharau ya waziwazi, na "eti" haifai hata kutajwa. "Alisema" na "aliandika" hayana rangi. Yarudie mara kumi bila aibu, hii si insha ya shule.

Upande wa sifa ndio mgumu zaidi, maana adabu yetu inatusukuma. "Hayati", "Mheshimiwa", "nguli", "jabali", "mzee wetu", "kiongozi shupavu". Tarehe ya kifo kwenye mabano tayari imesema "hayati". "Mwalimu" kwa Nyerere ni jina analojulikana nalo, lieleze mara moja mwanzoni kisha endelea na "Nyerere". Tofauti ya "alifariki" na "alikufa" hapa ni ya heshima ya lugha na haina siasa. Chagua moja, lakini usimpe "alifariki" rais unayempenda na "alikufa" yule usiyempenda. Angalia pia "utawala" na "serikali": makala nyingi zina serikali ya huyu na utawala wa yule, na mwandishi hata hakujua kwamba kachagua.

Kuhesabu vyanzo bila kujidanganya

Ukitafuta "fulani dikteta" kwenye intaneti utapata kurasa zinazosema fulani ni dikteta. Umeuliza jibu. Tafuta jina peke yake, au jina na neno lisilo na upande kama "uchaguzi" au "wasifu", kisha chukua vyanzo 10 hadi 15 vizuri vya kwanza na uandike kwa kila kimoja: kinamwelezaje kwa sauti yake, na je, neno linalobishaniwa limo kwenye habari yenyewe, kwenye nukuu ya mtu, au kwenye kichwa cha habari tu. Vichwa vya habari usivihesabu; mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, kwa ajili ya kuvuta jicho. Safu za maoni usizihesabu pia, isipokuwa unamtaja mwandishi kwa njia ya (b).

Habari moja ya Reuters au AFP iliyochapishwa na magazeti 9 ni chanzo kimoja. Magazeti yetu mengi hutafsiri habari za nje, na lebo hutafsiriwa pamoja nazo. Mwenye gazeti naye ana maana: Uhuru ni la CCM, Habari Leo ni la serikali. Hayo hayazuii kuyatumia kwa tarehe na matukio, ila kwa lebo ya mpinzani wa wamiliki hayatoshi peke yake. Wikipedia ya Kiingereza ilifikia hatua ya kuamua mwaka 2017 kwamba Daily Mail, gazeti la Uingereza, kwa kawaida lisitumike kama rejeo.

Badiliko lako likifutwa: Wikipedia ya Kiingereza na ya Kiswahili

Kuhusu watu walio hai kanuni ni kali, na ina asili yake. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika kwamba John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uongo huo ulikaa miezi kama minne. Baada ya kashfa hiyo ikaja sera ya wasifu wa watu walio hai, na Aprili 2009 bodi ya Wikimedia Foundation ikazihimiza Wikipedia za lugha zote zichukue uangalifu huo. Dai zito lisilo na chanzo juu ya mtu aliye hai hufutwa papo hapo, hata kwenye ukurasa wa majadiliano, bila kungoja mjadala. Kwa Kiingereza kufuta kwa sababu hiyo hakuhesabiwi kwenye kanuni inayokataza kurejesha, yaani kufuta mabadiliko ya wenzako, zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24. Sera hiyo inaweza pia kumlinda aliyefariki, hadi kama miaka miwili.

Wikipedia ya Kiingereza ina ngazi za kupanda: majadiliano, maoni ya mtu wa tatu kama mnaobishana ni wawili, mbao za matangazo za wahariri, kisha ombi la maoni ya wahariri wote ambalo kwa kawaida huachwa siku 30. Siasa za Marekani baada ya 1992 zina masharti yake ya ziada, na mgeni anayeingia kwa ubishi anaweza kuzuiwa haraka. Kwa Kiswahili ngazi ni chache na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, ni wachache. Faida yake ni kwamba mtu mwenye hoja nzuri hasikilizwi na umati, anajibiwa na mtu. Hasara ni kwamba kosa linaweza kukaa, kwa hiyo weka makala kwenye maangalizi yako (orodha ya makala unazofuatilia) na uandike muhtasari wa kila badiliko: "neno halimo kwenye rejeo la 4" ni muhtasari, "nimerekebisha" si kitu.

Ukifungua mjadala, usiulize "Je, fulani ni dikteta?" Utapata siasa. Weka sentensi mbili zilizokamilika, A na B, kama zitakavyosomeka kwenye makala, chini ya kila moja vyanzo vyake na kurasa zake, kisha uliza ipi iingie.